Kumwita Da

Dada yangu hakuwa na jina. Yaani alikuwa nalo, la ubatizo, tena refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia, na wa kulaumiwa ni mimi. Nilipoanza kusema, neno "dada" lilinishinda. Nilifika katikati nikachoka. Nikasema "Da", nikaona linatosha, nikaendelea na mambo yangu. Baba akacheka, naye akaanza kumwita hivyo hivyo. Halafu majirani, halafu mwalimu, halafu mwenye duka. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, Katindiuka nzima, kijiji chetu, ilimwita Da, hata wazee ambao kwa umri wangeweza kumzaa.

Mama alifariki nikiwa bado nabebwa, na mgongo uliofuata ulikuwa wa Da. Wa mama siukumbuki. Wa Da naukumbuka mpaka leo: ulikuwa na joto, ukinukia moshi na sabuni ya mche, na nikiweka sikio pale nilisikia sauti yake ikitokea ndani kabla haijatoka mdomoni. Alikuwa akiimba, akigombana na kuku, akisali, akijibu watu wa njiani, na vyote hivyo mimi nilivisikia kwanza. Nilidhani sauti ya kila mtu inakaa mgongoni.

Kwetu kuitana ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Baba, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, alikuwa mkali kwa jambo moja tu: ukiitwa, itika. "Unaweza kuchelewa kuja," alikuwa akisema, "lakini huwezi kuchelewa kuitika." Mtoto wa kike anaitika "Abee", na aitike kwa sauti, hata kama yuko kisimani na ndoo kichwani. Da aliitika hata akiwa na uzi mdomoni. Mimi, kwa kuwa ni mdogo, sikustahili abee yake. Mkubwa hamwitikii mdogo hivyo. Nikimwita mimi jibu lilikuwa, "Nini tena, wewe mtoto?" Na mimi nilimwita kutwa, kwa sababu na bila sababu. Jamani, nilikuwa msumbufu!

Masika moja Da alirudi kutoka shamba akishika kichwa. Alisema jua limempiga. Tulipotoka kanisani Jumapili iliyofuata hakunitambua. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Baba alimbeba kwenye baiskeli ya jirani mpaka hospitali, mimi nikikimbia nyuma nimeshika kanga yake ili isiingie kwenye spoku. Alilala usingizi ambao hauna ndoto, au labda ulikuwa na ndoto nyingi mno akashindwa kuchagua mlango wa kutokea. Nilikuwa nikisimama dirishani, nikiangalia pua yake kama inapumua. Ilikuwa inapumua. Nikienda nyumbani, nikirudi, bado inapumua.

Halafu akaamka. Akakaa, akanywa uji, akanishika mkono akautambua. Lakini hakusema. Alifungua mdomo, pakatoka hewa tu. Daktari alimpima macho, magoti, masikio, akamwambia Baba, "Akili yake ipo yote. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mzungumzisheni tu." Tukamrudisha nyumbani, amekonda kama mtu aliyechorwa kwa mkaa.

Shangazi alikuwa ameshuka kutoka Mahenge kuja kutusaidia kuuguza. Ni mwanamke wa kanisa na wa jembe, mwenye upendo wa kuchapa. Siku ya kwanza ya kurudi, Baba alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe, na kwa mazoea tu akaita, "Da! Niletee tupa." Da alikuwa mlangoni. Akafungua mdomo kuitika. Mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikatetemeka, hakuna kitu. Machozi yakamtoka, na majirani wawili waliokuja kumpa pole walikuwa wamekaa pale pale wakitazama.

Shangazi aliruka kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka, umeingiwa na nini? Unamwita mtu ambaye hawezi kuitika? Unataka aonekane jeuri mbele za watu? Asimwite mtu tena mtoto huyu. Mnamtesa bure!"

Baba akainamisha kichwa. Na kuanzia hapo hakuna aliyemwita. Tulimzungumzisha kama daktari alivyoagiza, tena sana. Tulimsimulia habari za sokoni, tulisali rozari karibu yake, Baba alimsomea hata mabango ya zamani ya dawa ya kuku. Ila kumwita, hapana. Ukimtaka, ulimfuata alipo ukamgusa bega. Ukiwa mbali, ulipiga makofi. Wageni walionywa mlangoni. Huruma yetu ilikuwa ya namna hiyo, na tuliilinda kwa bidii kama watu wanaofunga Kwaresima.

Wiki hizo hizo Shangazi akatoa hukumu. Mavuno yakiisha atapanda naye Mahenge, akae naye huko mlimani moja kwa moja. "Hapa nani atamlinda? Wewe unashinda shamba, huyu mdogo yuko shuleni. Msichana asiyeweza kupiga kelele, si mnajua dunia ilivyo?"

Baba akasema pole pole, "Tungemuuliza mwenyewe."

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema Shangazi, na maneno yakaishia hapo. Da alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya choo, nikalia mpaka nikatapika. Mahenge kwangu ilikuwa mbali kama mbinguni. Ukimpeleka mtu wangu kule, mimi nabaki na nini?

Na lile neno lilibaki kooni. Hebu fikiria: neno ulilolisema tangu unatambaa, unaambiwa lisisemwe. Nililisema chini ya blanketi. Nililisema kwenye mtungi, kwa ndani, likanirudia limelowa. Na kama vile dunia imeamua kunichokoza, nikaanza kulisikia kila mahali, kwenye vinywa vya watu wasiotuhusu kabisa.

Wa kwanza alikuwa sista mmoja wa hospitali, mzee, Mswisi. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, lakini kitu kikimpotea alikitafuta kwa lugha yake. Tulimrudisha Da kupimwa. Tukamwamkia, "Tumsifu Yesu Kristu," akajibu, "Milele amina," akaanza kutafuta mkasi. Mfukoni haupo. Mezani haupo. Akainua kitambaa, uso ukamng'aa. "Aaa, da!" akasema.

Da alikuwa kwenye benchi, macho yako dirishani. Aligeuka ghafla, midomo imeachana kidogo. Kisha akaona ni mkasi, akarudisha macho dirishani.

Mimi nikafura. Huyu naye, hajaambiwa? Hasira zangu huwa haziko mbali, na siku hizo zilikuwa zinalala mlangoni kabisa. Nikamuuliza muuguzi, kwa nini sista anamwita dada yangu? Sista mwenyewe akasikia, akacheka bila meno mengi. "Simwiti mtu, mtoto wangu. Kwetu da maana yake hapa. Kitu kilikuwa kimepotea, sasa hiki hapa." Akanionyesha mkasi, akaufunga na kuufungua mbele ya pua yangu.

Wa pili alikuwa daktari yule yule. Mtu wetu, Mtanzania, ila alikuwa amesomea Urusi miaka mingi, akarudi na udaktari na neno moja ambalo halikukubali kubaki huko. Muuguzi akimpa habari za mgonjwa, yeye alitikisa kichwa, "Da, da, da." Wauguzi walimuiga akigeuza mgongo. Siku hiyo alipita, muuguzi akamweleza jambo la Da, naye akaanza. Nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo daktari. Mbona unamwita dada yangu mara tatu?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba huko Urusi da ni ndiyo. Alisema lilikuwa neno lake la kwanza, alijifunza siku ya kwanza kabisa, theluji imemfika magotini na hajui hata kuomba maji. "Mgeni anayesema ndiyo hupewa chakula," akasema. "Anayesema hapana hupewa maelezo." Akaniwekea mkono kichwani, akaenda zake, da, da, da, kwenye korido. Nilipomtazama Da, alikuwa anaifuata ile sauti kwa macho mpaka ilipokata kona.

Nikadhani anaumia. Kwa akili yangu ya wakati ule, nilidhani kila akisikia linamchoma.

Wa tatu alikuwa Mchina. Shangazi, asiyejua kukaa bure, alikuwa akikaanga samaki, na siku za treni tuliwapeleka stesheni kuuza. Pale alikuwepo fundi mmoja wa reli kutoka China, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya majani iliyochoka. Alichuchumaa mbele ya sinia letu, akawasukuma kando perege wadogo kwa kidole, mmoja mmoja, uso umekunjamana. "Da," akasema. "Da! Da!"

Da alikuwa kwenye kigoda nyuma yangu anapepea mkaa. Akainuka. Yaani aliinuka nusu, magoti yamekunjwa, mkono bado umeshika kipepeo, anamtazama yule mtu. Kisha akakaa tena.

Nilitaka kumrushia samaki. "Wewe mzee, unataka nini na da yako?" Wala hakukasirika. Alitanua mikono, sana, mpaka akakaribia kuanguka. "Da! Kubwa. Samaki kubwa. Nyumba kubwa, da. Mto..." akaelekeza kidevu upande wa Kilombero, akafumba macho kidogo, "da." Nikampa kambale mkubwa kuliko wote, akaondoka naye akiwa amemfunga kwenye gazeti, nimebaki mdomo wazi.

Nikalibeba jambo lile mpaka nyumbani. Mswisi, daktari wa Urusi, Mchina. Lugha zao hazijawahi kukaa jamvi moja, wala hakuna aliyemwomba mwenzake, lakini neno ni lile lile, kama ungo mmoja unaozunguka nyumba tatu: huku wanapepetea mpunga, huku mtama, huku wanafunikia maziwa. Labda kinywa cha binadamu ni kidogo, sauti zilizomo ni chache, na vitu vya kutajwa ni vingi mno. Kwetu penyewe vijana wakikosa goli walishika vichwa, "Daah!" Kila mtu duniani alikuwa ana ruhusa ya kulisema. Mwenye nalo, aliyelikata kwa ulimi wake mwenyewe akiwa mtoto, ndiye aliyekatazwa. Khaa! Niliona nimeonewa na ulimwengu mzima.

Mpunga ulipoanza kuingiza maziwa tulihamia bondeni, kama watu wote. Shangazi alibaki Katindiuka na kuku. Sisi watatu tulivuka mto kwa mtumbwi, na sufuria, na blanketi, na Da amekaa katikati ameshika kingo kwa mikono miwili. Maji ya masika yalikuwa bado hayajarudi kwao. Mtumbwi ulipita juu ya mahali ambapo kiangazi huwa tunatembea kwa miguu, na chini yetu niliona nyasi zimelala upande mmoja, zinachanwa na maji.

Dungu letu lilikuwa juu ya nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na gogo lililochongwa vidato la kupandia. Ukiwa juu, unaona mpunga mpaka macho yanachoka, na madungu mengine yamesimama mbalimbali kwenye ukungu kama watu wanaongoja kuvuka. Kazi ni moja: kufukuza ndege. Kwelea hawana dini. Wanakuja wengi, wanajikunja na kujikunjua angani, wakitua mahali, kwa muda wa kuchemsha chai umebaki na majani.

Kwa hiyo watu wa bondeni wana utaratibu. Ndege wakiondoka kwako, unapiga ukelele ili jirani ajue wanakuja, naye akiwafukuza anampigia anayefuata. Ukelele unakwenda dungu kwa dungu mpaka mtoni. Na kila dungu lina ukelele wake, unaojulikana, kiasi kwamba asubuhi ukisikiliza unajua nani ameamka na nani mgonjwa. Jirani yetu alikuwa mama wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe na watoto wengi. Tulimwita Mayu, kama watoto wake walivyomwita, maana yake mama. Ukelele wake ulikuwa mrefu, wa kuitia ng'ombe: "Hooooo!" Na wetu ulikuwa "Daaaa!" Kwa nini? Kwa sababu nilipopelekwa dungu mara ya kwanza, mdogo hata gogo nilipandishwa, waliniambia nipige kelele, na mimi kelele nyingine sikuijua. Nilimwita dada yangu. Ndege wakakimbia. Ikabaki hivyo.

Mwaka ule dungu letu lilikaa kimya. Baba alitundika makopo kwenye kamba kuzunguka shamba, unavuta kamba, makopo yanalia. Mayu alikuja siku ya kwanza, akasimama chini ameshika kiuno. "Vipi, dungu limekufa?"

"Tuna mgonjwa, anapumzika," akasema Baba.

Mayu akamtazama Da juu, Da akamtazama. "Haya," akasema Mayu. "Ila makopo hayamfahamu mtu." Akaenda zake.

Siku zikapita kwa namna ambayo hata sasa siwezi kuzipanga. Asubuhi ni ukungu, mchana ni joto linalopanda na kushuka juu ya mpunga, jioni ni moshi wa kufukuza mbu. Da alivuta kamba upande wake, mimi wangu. Mchana nilisinzia nikiwa nimekaa, na usingizi ule wa dungu, mwenye kuujua anaujua, haukufungi macho sawasawa. Nilimwona sista anatembea juu ya masuke na viatu vyeupe, hayapindi, anasema hapa, hapa. Nilimwona daktari na theluji mabegani, anatikisa kichwa, ndiyo. Yule fundi wa reli alikuja amebeba kambale mrefu kama mtumbwi, akamlaza mbele yangu. Wote wakanigeukia mimi na kungoja. Nikafungua mdomo niseme langu, nikazinduka, kopo linalia kwa mbali na Da ananifukuzia nzi usoni.

Ndipo ikaja habari kutoka ng'ambo. Shangazi amepata lori linalopanda Mahenge, dereva ni mtu wa parokia, nafasi kama hiyo haitokei mara mbili. Hatungoji mavuno tena. Baba avuke alfajiri akamlete Shangazi, na mchana waondoke na Da. Jioni ile Baba hakula. Da alikunja nguo zake mwenyewe, akazifunga kwenye kanga, akaweka fundo vizuri. Alipomaliza akaniangalia, na mimi nikageuka ukutani, na dungu halina hata ukuta.

Baba alivuka kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Ukungu siku hiyo ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono unapotea kuanzia kiwiko. Ulipoanza kuinuka nikavuta kamba, nikaona ni nyepesi. Imekatika. Labda nguruwe, labda kiboko, sijui. Da aliiona pia. Akashuka gogo bila kunitazama, akaingia kwenye mpunga kufuata kamba, mpaka mwisho kabisa wa shamba. Masuke yalimfika kifuani. Akainama kufunga, mgongo umenielekea.

Ndipo nikasikia, "Hooooo!" Mayu. Ndege wanakuja kwetu.

Walitokea kwenye ukungu kama moshi wenye akili. Nikavuta kamba, imekufa. Mpunga wetu wa mwaka mzima uko pale, na ule mgongo uko pale, mdogo, mgongo ule ule, na mchana utakuwa kwenye lori. Wakachukue vyote basi! Ndege wachukue mpunga, Shangazi achukue mtu! Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuishika tena maishani. Nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. Nilisimama juu ya fito, nikashika nguzo, nikaita, na wala si kwa ajili ya ndege.

"Daaaaa!"

Sauti ilikwenda juu ya mpunga, ikafika mtoni, ikarudi. Ndege wakajikunja.

Na kutoka kwenye masuke, mbali kule, ikatoka sauti. Mbovu, ya kukwaruza, kama mlango uliofungwa masika yote.

"Abee!"

Sikushuka kwa gogo. Nilianguka. Niliinuka na tope mpaka masikioni, nikakimbia, na ndege waliotua walitua, wakala, nani ana habari nao? Da alikuwa amesimama ameshika mdomo kwa mikono miwili kama mtu aliyeona kitu kinamtoka. Nikasimama hatua chache mbele yake. Niliogopa kumgusa. "Da," nikasema, kwa sauti ndogo.

Akatoa mikono. "Abee."

Mimi, mdogo wake! Niliyekuwa sistahili! Nililia kwa sauti, nikamzunguka nikamkumbatia kiunoni kwa nyuma, nikaweka sikio pale pale mgongoni, na nikamwita tena, na tena, na kila mara nikaisikia ikianzia ndani. Mayu alikuja anakimbia kwenye maji, kanga mkononi, watoto wote nyuma. "Dungu limefufuka!" alikuwa anapiga kelele. "Limefufuka jamani! Wabeja, Mungu, asante, wabeja!" Halafu akatazama ndege, akatutukana wote wawili kwa Kisukuma, akaanza kuwafukuza yeye.

Mchana Baba alifika na Shangazi aliyeshika viatu mkononi, amekasirikia tope. Alisimama chini ya dungu, akaanza hapo hapo, "Kaka, nguo zake ziko wapi? Lori halimngoji mtu."

Da alikuwa juu. Nilimfinya mguu. Akainama pembeni. Maneno yalitoka moja moja, kwa taabu, kila moja linavutwa kama ndoo ya kisimani.

"Shangazi. Shikamoo."

Viatu vikaanguka. Baba alikaa chini kwenye tope, suruali na yote. "Marahaba," akasema Shangazi, "marahaba mwanangu, Yesu na Maria, marahaba," na akaendelea kusema marahaba kama mtu aliyepotewa na neno jingine. Alipomaliza kujifuta akakumbuka lori. Watu wa aina yake hawasahau lori. "Basi twende, utazidi kupona kule, kuna hewa nzuri."

"Hukuniuliza," akasema Da.

"Mgonjwa haulizwi..."

"Niulize."

Shangazi akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, akatazama mpunga uliochanwa na ndege. "Haya. Utakwenda?"

"Hapana."

Shangazi akapumua. Aliokota viatu vyake, akavipangusa, akaomba apewe chai. Alirudi Mahenge peke yake kwa lori lile lile, na ndani ya wiki moja alikuwa ameshatangaza kila parokia kwamba yeye ndiye aliyeamkiwa kwanza.

Jioni Da alinikalisha katikati ya magoti yake kwenye fito, anitoe tope kwenye nywele. Baba alikuwa chini anafunga kamba upya, anafunga anafungua, mikono haitulii. Moshi ulikuwa unapita chini yetu. Nikamuuliza, siku zote zile alikuwa anasikia?

"Yote."

"Sasa mbona hukusema?"

Alichana kidogo, akasimama, akachana. Nilimsikia akitafuta maneno kabla hayajafika.

"Nilikuwa nangoja," akasema. "Hakuna aliyeniita."

Nilikaa nikitazama madungu yanapotea moja moja kwenye giza linaloingia, kila moja likitoa ukelele wake wa mwisho wa siku. Ukelele wa Mayu ukafika kwetu. Ilikuwa zamu yetu kuupokea.

"Da," nikasema.

"Nini tena, wewe mtoto?" akasema, na akanivuta nywele.